Kimea: Historia ya Pombe ya Nyumbani katika Nchi ya Mpanda

Siku ya tatu gunia bichi hufunuliwa. Chini yake, juu ya mkeka au turubai, umelala ulezi uliolowekwa usiku kucha, ukachujwa, ukafunikwa, ukanyunyiziwa maji asubuhi na jioni. Mpishi wa pombe hauangalii kwanza. Anauinamia na kuunusa. Harufu ya udongo uliopata mvua ya mwanzo ni habari njema. Harufu ya uvundo ina maana kwamba maji yalizidi au gunia halikuwa safi, na kazi inaanza upya. Halafu anachukua punje chache, anazitafuna taratibu kwa meno ya mbele na kungoja ulimi useme. Ulezi mkavu hauna ladha ya kutajwa. Ulioota vizuri ni mtamu. Kimizi cheupe kikiwa kifupi mno, utamu haujafika. Kikiachwa hadi jani litokeze, utamu umekwisha kuliwa na mche wenyewe. Kati ya mawili hayo pana muda mfupi tu, na muda huo ndio unaoamua kama wageni watakaa hadi jioni au watasingizia kazi na kuondoka mapema.

Ulezi huo ukianikwa juani hadi ukauke, kisha ukasagwa, huitwa kimea. Hakuna kitu muhimu zaidi ya hicho katika pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, na hakuna kitu kinachosahaulika upesi zaidi watu wanapozungumzia pombe.

Mpishi huyo ni wa Kabungu, kata ya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, katika nchi ambayo wenyeji wengi huiita Mpanda tu. Mkoa wenyewe ni mchanga. Ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Watu wake ni wa zamani zaidi: Wabende na Watongwe upande wa ziwa, Wakonongo kuelekea Tabora, Wapimbwe na Wafipa kusini. Baadaye walifika Wasukuma na ng'ombe wao, wachimba madini kutoka kila pembe, na makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia mauaji. Kila aliyekuja alikuja na chungu chake na namna yake ya kukitumia. Kwa hiyo historia ya pombe ya nyumbani katika nchi hii ni historia ya mafundi waliokutana, karibu wote wanawake, kila mmoja akitafuta jambo lilelile: pombe itakayotoka vizuri leo, na wiki ijayo itoke vilevile. Mtu anayeona hilo ni jambo dogo hajapata kupika pombe.

Miongoni mwa maelezo ya mwanzo kuandikwa kuhusu ufundi huu magharibi mwa Tanzania ni ya Mwingereza Richard Burton. Yeye na John Speke walifika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, na Februari 1858 wakafika Ujiji. Burton aliwadharau watu wengi aliowapitia, na kitabu chake kilichotoka London mwaka 1860 kimejaa dharau hiyo. Hata hivyo alikuwa na jicho la kuona kazi za mikono. Aliandika kwamba nusu ya nafaka huzikwa au hulowekwa hadi iote, kisha hutwangwa na kuchanganywa na nusu ya pili iliyosagwa unga, wakati mwingine pamoja na asali kidogo. Mchanganyiko huchemshwa mara mbili au tatu katika vyungu vikubwa, huchujwa kwa mfuko uliosukwa pale inapotakiwa pombe safi, halafu huachwa uchachuke. Ikipita siku ya tatu, alisema, huwa kali kama siki.

Maneno hayo machache yamebeba kanuni nzima. Kwa nini nusu iote na nusu isiote? Nafaka ni ghala la wanga, na chachu haili wanga; inakula sukari. Mbegu inapoota hutengeneza vimeng'enya vya kukata wanga huo kuwa sukari ili mche upate chakula. Mpishi anausimamisha mche kwa jua kabla haujala akiba, lakini vimeng'enya hubaki ndani ya unga wa kimea, vikingoja maji ya uvuguvugu. Vikishayapata, hukata wanga wa kimea chenyewe na wanga wa uji uliochanganywa nacho. Kimea kidogo kinatosha kulainisha sufuria kubwa ya uji mzito. Yeyote aliyeona ugali wa mtama ukigeuka maji matamu ndani ya saa chache, bila kuongezwa hata kijiko cha sukari, amekiona kimea kikifanya kazi. Hatua hiyo ndiyo togwa, kinywaji cha watoto na wazee, na ndiyo mlango ambao pombe yote ya nafaka hupitia.

Hapo ndipo penye mtihani. Uji ukiwa wa moto mno wakati kimea kinapotiwa, vimeng'enya hufa na pombe haitatoka hata ikisubiriwa wiki. Ukiwa umepoa mno, kazi hulegea na vijidudu vya uchachu huwahi. Maabara za Ulaya huitafuta nafasi hiyo kwa kipimajoto, kwenye nyuzi kati ya 60 na 70 hivi. Mpishi wa Kabungu huitafuta kwa kidole. Kidole kinachoingia na kutoka mara moja kwa maumivu kinasema ngoja. Kinachoweza kuingia na kutulia kwa pumzi moja kinasema tia. Kipimo hicho hakikuandikwa popote. Binti hukipata kwa kusimama karibu na mama yake na kuunguza kidole chake mwenyewe.

Mwaka huohuo wa 1857, wakati Burton yuko njiani kwenda Kazeh, Louis Pasteur alisoma mjini Lille, Ufaransa, andiko lililoonyesha kwamba uchachu wa maziwa huletwa na viumbe hai vidogo. Ilichukua miaka mingine 26 hadi Emil Christian Hansen, katika maabara ya kiwanda cha Carlsberg huko Copenhagen, alipofaulu mwaka 1883 kutenga aina moja safi ya chachu na kuikuza peke yake. Tangu hapo viwanda vikaweza kutoa bia ya ladha ileile mwaka mzima. Wapishi wa magharibi mwa Tanganyika hawakuwa na darubini, ila tatizo la Hansen walilijua na jibu lao walikuwa nalo: mashapo ya pombe iliyotoka vizuri hayamwagwi. Hubakizwa chini ya chungu, au hukaushwa, na kuamsha pombe inayofuata. Chungu chenye sifa nzuri hakiazimwi ovyo. Kilichobeba chachu njema kwa miaka kilikuwa mali ya nyumba kama lilivyokuwa jembe.

Nafaka ni upande mmoja. Upande wa pili wa pombe ya nchi hii umo juu ya miti.

Kutoka Tabora hadi ufukwe wa Ziwa Tanganyika umetanda msitu wa miombo, na mitundu, mimyombo na miuba inapotoa maua, nyuki hufanya kazi isiyo na mfano. Wakonongo, Wabende na Wapimbwe wamekuwa warina asali tangu vizazi visivyohesabika, wakitundika mizinga ya magome na ya magogo mbali na vijiji. Henry Morton Stanley alipoondoka Tabora Septemba 1871 kumtafuta Livingstone, vita vya mtemi Mirambo vilimlazimisha kuzunguka kusini na kupita Ukonongo, katikati kabisa ya misitu hii. Nta ya hapa ilikuja kusafirishwa hadi pwani na ng'ambo. Asali nyingi ilibaki nyumbani, na sehemu yake kubwa ikanywewa.

Pombe ya asali huitwa wanzuki. Asali haichachuki yenyewe. Maji yake hayafiki hata moja ya tano ya uzito wake, na katika ukavu huo chachu hulala tu. Iongeze maji na kila kitu kinaamka. Ufundi wote umo katika kiasi cha maji hayo. Yakizidi, wanzuki huwa nyepesi, huiva upesi na kuharibika upesi. Yakipungua, huchukua siku nyingi na kubaki na utamu mzito unaoficha ukali wake, hata mnywaji akagundua alichokunywa pale anapotaka kusimama. Majirani wana njia zao: Wakikuyu na Wakamba wa Kenya hutia tunda lililokaushwa la mwegea katika muratina, na Waethiopia hutia majani ya gesho katika tej. Kipo pia kileo cha katikati, kangara, ambamo pumba za mahindi hukutana na asali. Ni pombe ya watu wasiotaka kutupa kitu: pumba zilizobaki baada ya kukoboa mahindi, asali iliyobaki baada ya kuuza.

Pombe hizi hazikuwa za starehe tu. Mkoa umelichukua jina lake kwa Katabi, mzimu ambaye mkwaju wake uko kando ya Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi iliyofanywa ya taifa mwaka 1974. Hadi leo wapo wanaoacha hapo sadaka kwa Katabi na mkewe Wamweru. Katika jamii nyingi za magharibi tambiko huambatana na unga na pombe. Shamba nalo lilikuwa na pombe yake. Mwenye eneo kubwa la kulima alipikisha pombe na kuwaita majirani. Walilima tangu alfajiri, jua lilipopanda wakakaa chini ya mti na chungu kikaletwa. Pombe ikiwa mbaya, msimu uliofuata mtu huyo alilima peke yake. Kwa hiyo mke aliyejua kupika alikuwa sawa na majembe 20, na hilo kila mume alilijua hata kama hakulisema.

Wakoloni walipofika walikuta mfumo huo ukifanya kazi. Wabelgiji wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika walijenga kituo Karema, ufukweni mwa ziwa, mwaka 1879 chini ya Kapteni Cambier, na mwaka 1885 wakawaachia Mapadri Weupe. Wajerumani walileta kodi ya nyumba, Waingereza wakaiendeleza, na kodi ilitaka sarafu. Hapo pombe ikabadilika jambo moja kubwa: ikaanza kuuzwa. Mwanamke asiye na ng'ombe wala mshahara alikuwa na nafaka, kuni, maji na ujuzi. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali iliwahamisha watu wengi wa magharibi na kuwakusanya katika makazi makubwa ili kupambana na malale. Vijiji vilivyokuwa vimetawanyika msituni vikawa na majirani mia badala ya kumi. Soko la pombe lilizaliwa na uhamisho huo.

Halafu likaja treni. Madini ya risasi yaligunduliwa karibu na Mpanda katika miaka ya 1930, na baada ya Vita Vikuu vya Pili kampuni ya Uruwira Minerals ikaamua kuyachimba kwa kiwango kikubwa. Tawi la reli la takriban kilomita 210 lilijengwa kutoka Kaliua, kwenye reli ya kati, hadi Mpanda, na lilikamilika mwaka 1950. Mgodi ulitoa risasi, shaba, fedha na dhahabu kidogo. Uliwaleta vijana wa makabila mengi waliolala katika makambi, wakalipwa mwisho wa mwezi na hawakuwa na mama wa kuwapikia. Ukafungwa mwaka 1960, baada ya miaka kumi tu. Reli ikabaki, mji ukabaki, na vilabu vya pombe vikabaki.

Mjini ndipo pombe za makabila zilipoanza kuonjana. Mfipa alizoea kimpumu ya ulezi inayonywewa kwa mrija huku ikiongezwa maji moto. Mnyamwezi alitaka wanzuki, na Mchaga aliyekuja na treni aliikumbuka mbege yake ya ndizi na ulezi. Mpishi aliyetaka wateja wa mshahara alilazimika kuuliza kila mmoja anataka nini, kisha kuonja kwa mwenzake, kujaribu, kukosea na kujaribu tena. Mahindi yalikuwa yameanza kuuzidi mtama mashambani, nayo yalileta taabu mpya, kwa kuwa kimea cha mahindi ni dhaifu kuliko cha ulezi. Jibu lililoshinda ni lile linaloonekana hadi leo: uji wa mahindi, kimea cha ulezi. Hakuna aliyepewa tuzo kwa jibu hilo, ingawa ni ugunduzi wa kweli kama wowote uliofanywa kiwandani.

Viwandani wakati huo walikuwa na shughuli nyingine. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922 na ndugu wawili wa ukoo wa Hurst, na mmoja wao, George, aliuawa na tembo mwaka uliofuata. Bia ya Tusker ikabeba kumbukumbu hiyo. Dar es Salaam ilipata Tanganyika Breweries mwaka 1933. Bia hizo zilikuwa za shayiri na hopsi, mimea isiyojulikana Kabungu, na kwa miaka mingi sheria za ukoloni ziliwazuia Waafrika kuzinywa. Mwafrika aliachiwa kilabu chake.

Kisa kimoja kutoka kusini kinastahili kusimuliwa hapa, maana kinafanana na kisa cha kila mpishi. Katika miaka ya 1950 huko Kitwe, Rhodesia ya Kaskazini, Max Heinrich alitaka kupika pombe ya nafaka ya Kiafrika kwa kiwango cha kiwanda, na kila jaribio aliliandika kitabuni: kiasi cha kimea, muda, matokeo. Kitabu hicho ndicho kilichoipa pombe hiyo jina, chibuku. Miaka ya 1960 chibuku ilipata kiwanda Dar es Salaam, ikauzwa ikiwa bado inachachuka ndani ya pakiti. Heinrich alikuwa na kalamu. Mpishi wa Mpanda aliyefanya majaribio mengi kuliko yeye hakuwa nayo, ndiyo maana jina lake halijulikani.

Uhuru haukuleta heshima kubwa kwa ufundi huu. Mwaka 1966 Bunge lilipitisha sheria ya moshi, ile pombe inayokenekwa ambayo wengi huiita gongo, na kuzuia kuitengeneza bila kibali. Sheria ya Vileo ya 1968 ikaweka leseni kwa wauzaji, wa pombe za kienyeji wakiwemo. Kuhusu gongo, serikali ilikuwa na sababu: kinachotoka kwenye bomba la kienyeji hakuna anayekijua, na kimeua watu na kupofusha wengine. Kosa lilitokea mitaani, pale wanzuki, kangara na gongo vilipowekwa katika kapu moja. Mwanamke aliyepika pombe ya ulezi, isiyozidi nguvu ya bia ya chupa, alimkimbia mgambo sawa na mwenye mtambo wa gongo porini. Mtu anayekimbia hawezi kungoja pombe iive. Atauza changa.

Ndipo wakaja Warundi. Mauaji ya mwaka 1972 nchini mwao yaliwasukuma watu wengi kuvuka mpaka, na serikali ya Tanzania ikafungua makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978. Katumba na Mishamo zote zimo katika nchi hii ya Mpanda. Walipewa msitu, wakaufyeka, wakapanda mihogo, mahindi, maharage na migomba. Katika migomba hiyo ikatoka pombe ambayo wenyeji hawakuizoea: urwarwa.

Namna yake inafaa kuangaliwa kwa karibu. Ndizi huzikwa katika shimo lililopashwa moto, zikafunikwa majani na udongo, zikangojwa siku kadhaa hadi ziive zote kwa pamoja. Humenywa na kutiwa katika beseni au mtumbwi wa mti, pamoja na mafungu ya majani makavu. Kisha zinakandwa. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kukanda unga wa mikate ya harusi. Majani huzishika nyuzi za ndizi na maji huanza kutengana, kwanza mazito, halafu membamba na ya rangi ya dhahabu. Huchujwa, na huongezwa mtama uliokaangwa kidogo na kusagwa, halafu hufunikwa mahali penye joto. Siku ya pili povu limepanda. Nyumbani kwao Burundi, pombe iliyofikishwa mbele ya wageni ilitiwa mirija, na mwenyeji alitangulia kunywa mbele ya macho yao ili kila mtu ajue kwamba haina sumu wala uadui.

Kwa watu waliokuwa wamepoteza karibu kila kitu, mrija huo ulikuwa na maana isiyohitaji maelezo. Harusi, mazishi, upatanisho wa mgogoro wa mpaka wa shamba, vyote vilihitaji urwarwa au impeke, pombe yao ya mtama. Wenyeji nao walikuja kuonja. Mwaka 2014 zaidi ya watu 162,000 kutoka makazi hayo walianza kupewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Kwa wakati huo watoto waliozaliwa Katumba na Mishamo walikuwa na familia zao, na migomba yao ilikuwa imezeeka na kupandwa upya mara kadhaa.

Kitu kilichoigeuza pombe ya nyumbani kuliko sheria zote ni sukari. Treni ilileta magunia ya sukari nyeupe, na duka la kijiji likaja na hamira ya mikate. Wanzuki iliyotaka asali ya msimu na siku nyingi ikapikwa kwa sukari na hamira ndani ya siku mbili. Kangara nayo ikafuata. Sukari hurahisisha mambo: haina misimu, haina nyuki wakali, haihitaji kujua tofauti ya asali ya mtundu na ya muba. Ila ladha ilipungua. Mzee aliyewahi kunywa wanzuki ya asali haihesabu ya sukari kuwa wanzuki. Wahenga walishasema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nchi ya Mpanda mambo yalikwenda kinyume: mpishi hakusifiwa, alibanwa na bei, na hapo ndipo alipotafuta njia ya mkato.

Njia ya mkato nyingine ni ya hatari zaidi. Nafaka iliyoota ukungu haifai kwa ugali, na mtu mwenye njaa ya fedha hushawishika kuifanya pombe. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 1991 walipima vileo vya kienyeji vya Tanzania na kukuta aflatoksini, sumu ya ukungu inayoharibu ini, katika zaidi ya nusu ya sampuli zao. Baadhi zilikuwa na zinki kupita kiasi. Aflatoksini haiondolewi kwa kuchemsha. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi waliyokula. Kwa hiyo mpishi anayenusa gunia na kutupa ulezi uliovunda anafanya kazi ya afya ya jamii, na gharama anaibeba mwenyewe. Vyombo navyo vina hatari yake. Pombe ina uchachu mkali unaolamba chuma. Chungu cha udongo hakitoi kitu, debe la mabati hutoa zinki, na pipa lililowahi kubeba dawa ya pamba au tumbaku halifai kwa lolote linaloingia kinywani.

Isisemwe pia kwamba kilabu hakina lawama. Fedha za ada zimeishia humo, wanawake wamepigwa na waume waliotoka humo, na mara nyingi anayepika ni mama anayelea watoto peke yake kwa fedha za wanaume wanaowanyima watoto wao. Anapika kwa sababu kazi nyingine zote zinalipa polepole kuliko mahitaji yake.

Ng'ambo ya bahari, kupika bia nyumbani kumekuwa jambo la fahari. Uingereza iliondoa leseni ya bia ya nyumbani mwaka 1963. Nchini Marekani, Rais Jimmy Carter alitia saini mwaka 1978 sheria iliyohalalisha bia ya nyumbani, na mwaka huohuo Charlie Papazian akaanzisha huko Colorado chama cha wapishi wa nyumbani. Leo wana mashindano, waamuzi waliosomea kazi hiyo, vitabu vya viwango na vipimajoto vya kila namna. Wanabishana usiku kucha kuhusu nyuzi mbili za joto la kimea. Ni ubishi mzuri, na ni uleule wa wanawake wawili wa Kabungu wanaobishana kama ulezi wa jirani ulitolewa juani mapema. Tofauti ni kwamba mmoja akikosea hupoteza Jumamosi yake, mwingine hupoteza ada ya shule.

Viwanda vya Afrika Mashariki vimeanza kuirudia nafaka ya kienyeji. Nile Breweries ya Uganda ilitoa Eagle mwaka 2002, ikitumia mtama wa aina ya Epuripur uliozalishwa kituo cha utafiti cha Serere, na Kenya ikatoa mwaka 2004 Senator, bia ya bei nafuu iliyopunguziwa ushuru ili kuwavuta watu kutoka pombe haramu, ambayo baadaye iligeukia mtama. Wahandisi wao walilazimika kujifunza upya jinsi mtama unavyotaka joto kubwa kuliko shayiri ili wanga wake ufunguke, na jinsi vimeng'enya vyake vinavyochoka mapema. Nyuma ya nyumba za Kabungu jibu ni la zamani: uji hupikwa kwanza hadi uive kabisa, ukapozwa, ndipo kimea kikatiwa. Hatua mbili, joto mbili.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo sasa kina kampasi mkoani Katavi, iliyopewa jina la Mizengo Pinda, huko Kibaoni katika nchi ya Wapimbwe. Wanafunzi wake wanaosomea kilimo na chakula wanaishi ndani ya maabara ambayo haijapata kuandikwa. Kazi ya kufanya haihitaji fedha nyingi. Mwanafunzi mmoja achukue kipimajoto na daftari, aombe ruhusa kwa mpishi mzee, akae naye tangu siku ya kuloweka hadi siku ya kuchuja, na aandike kila kitu: urefu wa kimizi, saa za jua, joto ambalo kidole kilisema tia, mashapo yalivyohifadhiwa, na jina la aliyemfundisha. Kisha daftari libaki na nakala kwa mpishi mwenyewe. Wanawake waliojifunza kupika kwa asali kabla ya sukari kutawala ni wachache sasa, na aliye mdogo kati yao ana wajukuu.